Jumapili Tatu na Jumanne Moja

"Ungechagua Jumanne," Hester alisema, huku akikoroga rojo la matufaha kwenye sufuria kubwa ya shaba pale uani. "Kata nzima itakuwa imetoka na nguo zake nzuri. Tungewalisha mara moja, yaishe."

"Jumanne nina shughuli," Keziah alijibu.

"Shughuli. Dada, wiki hii unaolewa. Una shughuli gani nyingine?"

Keziah aliendelea kumenya matufaha. Hester alilijua jibu vizuri. Alitaka tu kulisikia ili apate la kucheka. Jumanne na Jumatano zilikuwa siku za uchaguzi. Ndiyo maana harusi ilipangwa Alhamisi.

Katiba ya New Jersey iliandikwa haraka haraka, katika mwaka wa pili wa vita vya uhuru, na ilisema kwamba wakazi wote waliofikisha umri na wenye mali ya paundi hamsini watapiga kura. Haikutaja wanaume. Haikutaja rangi. Mke wa mtu hakuwa na lake, kwa sababu kila alichokuwa nacho, hata kijiko cha kukorogea, kilihesabiwa kuwa cha mumewe. Lakini mjane mwenye nyumba, kitalu cha matufaha na kitanda cha kufumia nguo, huyo alikuwa mkazi kama mkazi mwingine.

Keziah Vannoy alikuwa mjane kwa miaka sita sasa. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, mikono yenye nguvu ya mfumaji, na aibu iliyomfanya apite nyuma ya maghala akiona watu wamekusanyika. Siku alipokwenda kupiga kura mara ya kwanza, vuli ile ile baada ya mazishi ya mumewe Jacob, alikuwa amesukumwa na shida. Alitaka achaguliwe mtu atakayejenga daraja pale kijitoni, mahali ambapo gari la Jacob lilipinduka mafuriko yalipokuja. Alisimama kwenye foleni amejifunika shali hadi mdomoni. Kisha msimamizi akasoma kwa sauti, hadi waliokuwa uani wakasikia: "Keziah Vannoy."

Alipaswa kujibu "Nipo." Sauti haikutoka. Miaka kumi na tisa alikuwa mke wa Jacob, mama mwenye nyumba wa Jacob, yule wa kwa Jacob. Hakukumbuka mara ya mwisho jina lake kuitwa lote, kwa sauti, mbele ya watu, pengine tangu siku ya harusi yake. Msimamizi akarudia. Ndipo akasema "Nipo," na jinsi moyo ulivyomdunda hakuwahi kumweleza mtu.

Daraja halikujengwa mwaka ule, wala uliofuata. Yeye hakukosa uchaguzi hata mmoja.

Na Garret Updyke, fundi mapipa wa njia panda, mjane mwenzake, alikuwa akimposa kila majira ya kuchipua kwa miaka minne. Kila mara Keziah alimwambia, "Ngoja uchaguzi upite." Naye Garret alijibu, "Sawa," akavaa kofia yake, akarudi kwenye mapipa yake. Majira yaliyopita alikuja tena, na Keziah akamtazama jinsi alivyoishika ile kofia kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba kiota chenye mayai, akasema, "Oktoba. Uchaguzi ukiisha."

Tangu hapo mchungaji alikuwa ameitangaza ndoa yao Jumapili tatu mfululizo, kama ilivyo desturi, na hakuna aliyepinga.

Jumatatu hiyo jioni Garret alikuja na ndoo mpya ya mwaloni. Hakujua kuja mikono mitupu.

"Ndoo ya tano hii," Hester akamwambia. "Shemeji, unamwoa dada yangu au unamjengea kisima?"

Garret akaona haya, akaiweka ndoo chini taratibu. Hester alipoingia ndani, Garret alimgeukia Keziah. "Unaogopa Alhamisi?"

"Alhamisi siiogopi. Wala wewe sikuogopi." Keziah akafuta kisu kwenye aproni. "Naogopa Jumanne ya mwakani. Nitakuwa nimekaa hapa hapa, nasikia magari yakipita."

Garret aliigeuza kofia mikononi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mbele ya watu watatu alikuwa tayari ameshindwa. "Sijui niseme nini," alisema mwishowe.

"Najua. Usiseme."

Akaketi kwenye gogo, akaanza kumenya matufaha naye, vibaya, akikata nyama nene pamoja na ganda.

*

Jumanne ilikuwa kavu na yenye jua. Uchaguzi ulifanyika katika nyumba ya wageni, na foleni ilitoka mlangoni hadi kwenye kisima cha kunyweshea farasi. Keziah alivaa gauni lake la kijivu. Karatasi yake ya kura, aliyoiandika kwa mkono wake, aliikunja mara nne akaificha ndani ya glavu.

Mbele yake alisimama Amos Quamino, fundi viatu, mtu mweusi aliyejikomboa mwenyewe utumwani kwa kazi ya miaka kumi na mmoja, na ambaye sasa alikuwa na nyumba yake na karakana yake kando ya kinu.

"Bibi Keziah. Viatu vya harusi vinakubana?"

"Sijavijaribu, Bwana Amos."

"Vijaribu leo, basi. Alhamisi ukichechemea watasema ni mkono wangu." Akageuka nusu, akashusha sauti. "Stryker leo ana hesabu zake. Yule binamu yake anayegombea hataki daraja, na inasemekana kura zimekaribiana. Uwe macho."

Lambert Stryker ndiye aliyekuwa msimamizi. Alikaa nyuma ya meza, sanduku la kura mbele yake, na kando yake mzee Pettit, mkadiriaji kodi, na daftari lake. Amos aliitwa, akajibu, akatumbukiza karatasi yake bila neno. Zamu ya Keziah ikafika.

Stryker hakuliita jina. Alilaza kalamu mezani.

"Bibi, nenda nyumbani ukapike. Wewe una mume."

Watu wa nyuma wakacheka kidogo, wakidhani ni mzaha. Keziah naye alidhani hivyo. "Harusi ni keshokutwa," alisema, na uso ukamwaka moto.

"Harusi ni ya kula na kunywa. Umetangazwa kanisani mara tatu, mimi mwenyewe nilikuwepo, na mara ya tatu nilikuwa macho." Watu wakacheka tena. "Matangazo yakiisha, mambo yamekwisha. Hata ng'ombe wangu anajua wewe ni wa Garret."

"Ng'ombe wako hakuwa kanisani," Amos akasema kutoka mlangoni.

"Wewe ulishapiga, Amos. Nenda kashone."

Keziah akamtazama mzee Pettit. Mzee alikuwa akikuna sikio. Alikuwa mtu mwaminifu na mwoga, na katika kata ile watu wengi waliamini hivyo hivyo: kwamba Jumapili ya tatu ikipita, mwanamke ameshavuka mto, na Alhamisi ni ya kukausha nguo tu. Mjomba wa Pettit alipokufa, mali yake ilirithiwa na mchumba wake kwa hoja hiyo hiyo.

"Ni vigumu, Bibi," alisema. "Kama matangazo yamesimama, kwa kweli mimi sijui nikuandike upande gani. Kama yangekuwa yamefutwa, ungekuwa mjane kama zamani, hakuna maneno."

"Basi rahisi," Stryker akasema. "Muulizeni mwenyewe. Garret! Njoo hapa. Huyu ni mkeo au siyo?"

Foleni yote iligeuka. Garret alikuwa kule mwisho, karibu na kisima, na Keziah aliona jinsi mabega yake yalivyopanda, kama farasi anayesikia mjeledi. Alikuja polepole. Watu walimpisha. Alipofika mezani kofia tayari ilikuwa mikononi.

"Si mke wangu," alisema, karibu kwa kunong'ona.

"Sema tusikie."

"Si mke wangu bado."

"Utamwoa keshokutwa?"

"Nimekusudia."

"Ehee. Bado, bado, lakini matangazo yapo na nguruwe ameshachinjwa. Pettit, umesikia."

Keziah alihisi karatasi ikimchoma ndani ya glavu. Angeweza kugeuka na kuondoka. Ilikuwa kura moja tu, na nyumbani keki ya Hester ilikuwa tayari imewekwa chini ya kitambaa. Akafikiri: nikiondoka sasa, itakuwa nimeondoka kwa hiari.  Alibaki amesimama, ameangalia lile sanduku, wala hakumwomba mtu kitu.

Garret alimtazama. Kisha akaweka kofia juu ya meza ya uchaguzi, juu kabisa ya daftari, akanyoosha mkono.

"Nipe kalamu, mzee Pettit."

"Ya nini?"

"Nayafuta." Akakohoa, akaanza upya, na safari hii sauti ilifika hadi kwenye kisima. "Nayafuta matangazo. Alhamisi hakuna harusi. Nitaweka sahihi, na mchungaji nitamweleza mimi mwenyewe. Huyu ni Keziah Vannoy, mjane, na mimi sina haki naye hata ya kumshikia shali. Sasa mwite."

Hakuna aliyecheka. Kalamu ilisikika ikikwaruza. Mzee Pettit alisoma alichoandikiwa, akatia mchanga wino ukauke, akamsogezea Stryker daftari.

Stryker aliisoma sahihi mara mbili. Halafu, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine, aliita. "Keziah Vannoy."

"Nipo," Keziah akasema.

Karatasi ilikuwa na jasho. Iligoma kidogo kwenye tundu la sanduku, akaisukuma kwa kidole. Alipogeuka, Garret alikuwa amekwisha rudi mwisho wa foleni, kusubiri zamu yake kama watu wengine, na kofia ameisahau mezani.

*

Hester alilia, kisha akakasirika, kisha akakata keki akaila. "Ameachwa mbele ya kata nzima," alimwambia kila aliyepita, "na anatabasamu kama mgonjwa."

Mchungaji Blauvelt naye alikasirika kwa namna yake. Hakuwahi kufutiwa matangazo kwenye meza ya nyumba ya wageni. Alisema watu hao wawili wakitaka kutangazwa tena wangoje mwezi mzima, na waje wenyewe kuomba.

Keziah aliipeleka ile kofia karakanani kesho yake. Garret alikuwa akikaza pete ya chuma kwenye pipa la sharubati.

"Watasema umeniacha," alimwambia.

"Sijakuacha. Nimekupa Jumanne." Akapiga nyundo mara mbili. "Nilikuwa sina kitu kingine cha kukupa. Ndoo umezichoka."

Keziah akaitundika kofia kwenye msumari, akakaa juu ya pipa lililopinduliwa, na walikaa hivyo hadi chai ya jioni bila kusema la maana.

Mwezi ukaenda. Binamu wa Stryker alishindwa, na mtu wa daraja akaenda Trenton kukaa katika baraza la kutunga sheria la jimbo. Keziah alikuwa amekwisha kuamua: mwezi ukitimia, yeye ndiye atakayekwenda kwa mchungaji kuomba, na kama ni kuacha kura, ataacha akiwa ameshiba.

Katikati ya Novemba Amos Quamino aligonga mlango wake. Alikuwa na gazeti la Trenton chini ya kwapa, na hakuleta mzaha wowote. Keziah alikuwa kwenye kitanda cha kufumia. Amos akakaa kwenye kiti cha dirishani, akasoma polepole, kidole chake kikifuata mstari.

Baraza lilikuwa limepitisha sheria. Kwa ajili ya usalama na utulivu, ndivyo ilivyoandikwa, na kwa heshima ya jimbo. Tangu sasa wa kupiga kura angekuwa mwanamume, huru, mweupe.

"Soma tena," Keziah akasema.

Akasoma tena. Haikubadilika.

"Na yule wetu? Wa daraja?"

"Majina ya waliopiga hayakuandikwa. Lakini sijasikia aliyepinga."

Keziah aliushika uzi mmoja uliokatika, akauzungusha kidoleni. Yeye ndiye aliyemsukuma mtu huyo sandukuni kwa kidole hicho hicho.

"Katiba ilisema wakazi wote," Amos akasema. Alikunja gazeti, akalikunja tena, hadi likawa dogo kama kitabu cha sala. "Nililipa miaka kumi na mmoja niwe mkazi. Juzi nilikuwa mkazi. Leo sijui ninakaa wapi."

 Keziah aliinuka akammiminia sharubati ya matufaha ya moto, akajimiminia na yeye, wakanywa wakitazama nje. Amos alipoondoka aliacha gazeti. Hakulitaka nyumbani kwake.

*

Siku nne Keziah hakwenda karakanani, na Garret hakuja. Alijua kwa nini hakuja. Mtu mwingine angekuja mbio, na kusema sasa hakuna kizuizi. Garret asingeweza kuokota kitu ambacho mwenziwe amenyang'anywa.

Siku ya tano akaenda yeye.

Karakana ilinuka moshi na mwaloni mbichi. Garret alipomwona aliacha kazi, na mkono usio na nyundo ukakosa pa kukaa.

"Umesikia," Keziah akasema.

"Nimesikia. Nilipika maneno ya kukuambia, yote yakaungua." Akavuta kiti, akakifuta kwa kiganja. "Nilitaka uje kwangu ukiwa na kitu cha kuacha. Ili nijue uliniona kuwa bora zaidi."

"Nilikuwa nimekuona hivyo. Nilikuwa nimeshaamua, wiki moja kabla. Sasa hutaniamini."

"Nakuamini."

"Mimi mwenyewe sijiamini. Nikija sasa ninajiona kama mtu aliyefungiwa mlango kule, akaja kulala huku." Hapo machozi yalimtoka, naye aliyachukia. "Si kura tu, Garret. Mara moja kwa mwaka mtu aliniita. Jina lote. Hata Stryker, ambaye hanipendi, ilimbidi aniite. Hakuna mahali pengine wanaponiita."

 Nyundo ilikuwa bado mkononi mwa Garret, akaiweka chini kwa uangalifu, kama inaweza kuamka.

"Mahali pamoja papo," alisema baadaye. "Lakini ni Jumapili tatu tu. Halafu na penyewe panaisha."

Keziah alihitaji muda kuelewa. Alipoelewa alicheka huku akilia, akajifuta pua kwa ncha ya shali.

"Desturi ni jina la mwanamume kwanza," alisema.

"Desturi ni ya mchungaji. Nitaongea naye." Garret akavaa kofia, ingawa walikuwa ndani. "Nimeshaongea mbele ya kata nzima. Mchungaji ni mmoja."

*

Jumapili ya kwanza ya Desemba kanisa lilikuwa baridi kiasi cha kuona pumzi za watu. Hester alikaa kando ya dada yake, mikono ndani ya mfuko wa manyoya, macho mbele, kama mtu asiyewajua. Garret alikuwa upande wa wanaume. Juu, kwenye roshani ya nyuma walikokalishwa watu weusi, Amos alikuwa ameegemea ukingo.

Mchungaji Blauvelt alikohoa, akakunjua karatasi. Alionekana kama mtu aliyeshindwa mabishano marefu na mtu asiyejua kubishana.

"Natangaza nia ya ndoa," alisoma, "kati ya Keziah Vannoy, mjane," akasita, akamtupia Garret jicho, akaendelea, "mkazi wa kata hii, na Garret Updyke, mjane, mkazi wa kata hii. Hii ni mara ya kwanza. Mwenye sababu ya kupinga na aseme."

Hapo ndipo watu wote hunyamaza. Ndiyo desturi, anayefungua mdomo wakati huo ana pingamizi. Keziah alilijua hilo tangu utotoni. Lakini jina lilikuwa limeitwa lote, kwa sauti, mbele ya watu, na lile neno "mkazi" baada yake, na midomo yake ilikuwa na mazoea ya miaka sita.

"Nipo," alisema.

Vichwa viligeuka. Hester alifumba macho. Mchungaji akaishusha karatasi; hakutaka kuwafuta watu hawa mara ya pili.

"Bibi Keziah," aliuliza kwa upole wa woga, "una pingamizi?"

Pale roshanini mtu alikuwa akijizuia kucheka, na hakufaulu. Upande wa wanaume Garret alikuwa ameinua kichwa, uso mwekundu hadi masikioni, akimtazama yeye bila kumwonea haya mtu yeyote.

"Sina, mchungaji," Keziah akasema. "Nimeitwa, nimeitika tu."